Wosia juu ya Neno Malaria

Wajukuu zangu, na ninyi wenzao mnaoingia kazi ya afya,

Mambo ya nyumbani nimekwisha kuyaweka sawa. Shamba limegawanywa mbele ya wazee wa ukoo, madeni bibi yenu anayajua, na mahali pa kunizika nimepaonyesha. Limebaki la kazini. Nimeishi kwa kutazama damu za watu, tangu enzi za darubini za kioo zilizotegemea mwanga wa jua hadi hizi za umeme, na katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo nisingependa kuondoka nalo. Nitalifikia kwa njia ya neno mnalolitamka na kuliandika kila siku ya Mungu: malaria.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Mmefundishwa vimelea, mbu, vyandarua na dawa mseto, na baadhi yenu mmesoma kunizidi. Neno ndilo ambalo hakuna aliyewafungulia. Mimi nilifunguliwa na Kilatini. Nilisoma seminari ndogo kabla ya kuona kwamba wito wangu si wa upadri, na huko tulikariri malus, mala, malum mpaka tukayaota. Baadaye nilifanya kazi katika hospitali ya misheni na mtawa mmoja Mwitaliano, ambaye kila asubuhi alifungua madirisha ya maabara na kuisifu hewa kwa lugha yake. Aria, aria. Hapo nikamtambua ndugu aliyekuwa amejificha ndani ya malaria.

Malus kwa Kilatini ni mbaya, na likiambatana na jina la jinsi ya kike huwa mala. Hewa Warumi waliiita aer, neno walilolipata kwa Wagiriki. Kilatini cha watu wa mitaani kilipokuwa kikigeuka Kiitaliano, karne kwa karne, aer ilizaa aria. Mala aria, basi, ni hewa mbaya. Mwitaliano hapendi irabu mbili zigongane mdomoni, akasema mal'aria, na mwishowe kile kialama cha juu kikadondoka, likabaki neno moja. Aria hiyo hiyo ndiyo jina wanaloupa wimbo wa mwimbaji mmoja katika opera zao, na nilipokuwa kijana nilishangaa sana neno moja kubeba wimbo na kifo.

Hapa nisikilizeni kwa makini. Mal'aria halikuwa jina la ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa na jina lake: febris kwa Kilatini, febbre kwa Kiitaliano, yaani homa. Warumi wa kale waliiogopa homa kiasi cha kuifanya mungu wa kike, Febris, akawa na mahekalu matatu ndani ya Roma, moja kwenye kilima cha Palatino. Valerius Maximus, mwandishi wa karne ya kwanza, anaeleza kwamba watu walipeleka huko dawa zilizokuwa zimefungwa kwenye miili ya wagonjwa. Mtu aliyewahi kuona hirizi kwenye kiuno cha mtoto hahitaji maelezo zaidi.

Waganga wao waliitofautisha homa kwa mwendo wake. Inayorudi kila baada ya saa 48 waliiita tertiana, ya siku ya tatu. Inayorudi baada ya saa 72 ilikuwa quartana, ya siku ya nne. Hesabu hiyo isiwasumbue, maana Mrumi aliihesabu na siku ya kuanzia: leo moja, kesho mbili, keshokutwa tatu. Waitaliano wakairithi wakasema terzana na quartana, na walikuwa wakiyajua majira ya homa hizo kama mvuvi ajuavyo maji kupwa na kujaa.

Mal'aria ilikuwa kitu kingine. Ilikuwa kile kinachofuka kutoka kwenye maji yaliyotuama na kuileta homa. Ilikuwa jina la sababu. Mwaka 1740 kijana wa Kiingereza, Horace Walpole, akiwa safarini Italia aliandika barua akieleza juu ya kitu hicho cha kutisha kinachoingia Roma kila kiangazi na kuua watu. Na mwaka 1827, John MacCulloch alipochapisha kitabu kizima London chenye neno Malaria kwenye jalada, alikuwa bado akizungumzia sumu iliyomo hewani, wala si homa yenyewe. Baadaye, polepole, jina la sababu likahamia kwenye ugonjwa. Sababu ile imekwisha kukanushwa, lakini jina tunalo. Hata wenzetu wa Kongo na Burundi waliosomea tiba kwa Kifaransa, wanaosema paludisme, hawakuliepuka jambo hili, kwani palus kwa Kilatini ni kinamasi. Wao walikamatana na maji, sisi tumekamatana na hewa.

Sasa msiwacheke waliolibuni. Hili nawaombeni kwa moyo wote, maana nimeona vijana wengi wakisoma historia ya tiba kama orodha ya ujinga wa wazee.

Tazameni walichokiona watu wa Roma. Kuuzunguka mji wao kulikuwa na tambarare waliyoiita Campagna, na kusini yake vinamasi vya Pontine. Kila kiangazi vibarua walishuka kutoka milima ya Abruzzo kuvuna ngano huko, wakalala makondeni, na wengi walirudi kwao wakitetemeka au hawakurudi kabisa. Wenye mali walifanya kinyume. Joto likianza walipanda Frascati na Tivoli, wakakaa juu hadi mvua za vuli. Mwaka 1623 makardinali walikutana Roma mwezi Julai na Agosti kumchagua papa. Kadhaa kati yao walikufa kwa homa, na papa mpya mwenyewe, Urbano wa Nane, akaugua. Kutokana na mambo ya namna hiyo, yaliyojirudia kizazi baada ya kizazi, watu walifikia kanuni zao: usilale karibu na kinamasi, usiku ni hatari kuliko mchana, kiangazi ni kibaya kuliko baridi, mlimani kuna usalama, jua likizama funga madirisha.

Ipi hapo ni ya uongo? Hakuna. Mbu aina ya anofelesi huzaliana kwenye maji, huuma usiku, hustawi kwenye joto, na huwa wachache kadiri unavyopanda. Aliyefunga dirisha magharibi ili kuizuia hewa mbaya alimzuia mbu, akaamka mzima. Wale watu waliona sawasawa, wakaishi kwa walichokiona, na wengi waliokoka. Walikosea mahali pamoja tu, pale walipotoka kwenye "nimeona" wakaenda kwenye "kwa sababu".

Tena miongoni mwao alikuwepo aliyekaribia mno. Marcus Terentius Varro aliandika kitabu cha kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo, akiwa anauingia mwaka wake wa 80. Alikiandika kwa ajili ya mkewe, Fundania, aliyekuwa amenunua shamba, na mwanzoni kabisa anasema kwamba umri unamkumbusha afungashe mizigo yake kabla ya safari ya mwisho. Kwa maneno mengine, kile kitabu ni wosia, na ndiyo maana nakipenda. Anapofika kwenye kuchagua mahali pa kujenga nyumba, anamwonya mkewe ajihadhari na sehemu zenye kinamasi, kwa kuwa humo huzaliwa wanyama wadogo mno wasioonekana kwa macho, ambao huingia mwilini na hewa kupitia mdomo na pua na kuleta magonjwa mazito. Viumbe visivyoonekana! Darubini ilikuwa bado zaidi ya miaka 1,600 mbele. Mzee yule alikosea mlango tu: alisema pua na mdomo, kumbe ni ngozi. Na mwaka 1717 Giovanni Maria Lancisi, daktari wa papa, alitoa kitabu kuhusu mivuke ya vinamasi ambamo mbu nao walitiliwa shaka, na akahimiza maji yale yakaushwe.

Dawa nayo ilitangulia kabla ya sababu kujulikana. Katikati ya karne ya 17, Wajesuiti walileta Roma gome la mti kutoka milima ya Andes, likatumiwa kwa wagonjwa wa homa katika hospitali ya Santo Spirito, kando ya mto Tiber. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa ndani ya gome hilo kiini chake, kwinini. Miti hiyo ilifika hata kwetu. Wajerumani waliipanda Amani, katika milima ya Usambara. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 200 watu walikuwa na dawa inayotibu na maelezo yasiyo ya kweli, vyote viwili kwenye kabati moja. Mgonjwa kupona si ushahidi kwamba maelezo ya aliyemtibu ni sahihi. Hilo litawafaa hadi mstaafu.

Lakini neno likiisha kubeba sababu, huwavuta hata wasomi. Mwaka 1879 mabingwa wawili, Edwin Klebs wa Ujerumani na Corrado Tommasi-Crudeli wa Roma, walikwenda kuchunguza udongo na hewa ya vinamasi, wakarudi wakitangaza kwamba wamekipata kijidudu chenyewe, wakakiita Bacillus malariae. Walikuwa watu makini wenye vifaa bora vya wakati wao. Jina liliwaambia watafute nje ya mtu, nao wakatafuta nje ya mtu. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, aliweka tone la damu mbichi ya askari chini ya darubini akaona vitu vyenye mikia vikichezacheza. Alitafuta ndani ya damu. Roma haikumwamini. Mwaka 1882 akaenda mwenyewe hadi Santo Spirito, ile ile hospitali ya gome, akavikuta vile vile katika damu za wagonjwa wa Campagna.

Baada ya hapo Waitaliano walifanya kazi ambayo mpaka leo nikiisoma natikisa kichwa kwa heshima. Marchiafava na Celli walivichunguza vimelea na kuvipa jina la Plasmodium. Camillo Golgi, huko Pavia, alikaa na darubini saa kwa saa hadi akaona kwamba homa hupanda pale chembe nyekundu zinapopasuka zote kwa pamoja na kumwaga vimelea vipya. Siri ya tertiana na quartana, iliyohesabiwa na Warumi kwa vidole, ilifunguka hapo. Mwaka 1897 Ronald Ross, huko Secunderabad nchini India, alikiona kimelea ndani ya tumbo la mbu, na mwaka 1898 Giovanni Battista Grassi pamoja na Bignami na Bastianelli wakathibitisha kwamba anayembeba kimelea cha binadamu ni anofelesi. Ross alipata tuzo ya Nobel mwaka 1902 peke yake, na ugomvi wake na Grassi ulikuwa mkali. Sina haja nao hapa.

Ninachotaka mkione kwa karibu ni kibanda cha mwaka 1900. Patrick Manson, daktari wa London aliyekuwa amemtia Ross moyo, alijua kwamba watu wa kawaida bado wanaamini hewa. Akaagiza kijengwe kibanda cha mbao kwenye Campagna, karibu na Ostia, mahali penye sifa mbaya kuliko pote. Madirisha yake hayakufungwa. Yaliwekewa wavu wa waya. Humo waliingia madaktari wawili, Louis Sambon na George Low, na wenzao wachache. Kuanzia Julai hadi Oktoba, msimu wenyewe wa kufa, walizurura mchana kwenye kinamasi, wakanyeshewa na mvua, na jua lilipokaribia kuzama wakaingia ndani. Usiku kucha hewa ya kinamasi ilipita kwenye ule wavu na wao waliivuta. Hawakunywa kwinini. Majirani waliugua mmoja baada ya mwingine. Wao hawakuugua. Wakati huo huo, mbu waliokuwa wamemnyonya mgonjwa wa terzana huko Roma walisafirishwa ndani ya vijisanduku hadi London, wakamuuma mwana wa Manson mwenyewe, Thurburn, kwa ridhaa yake. London haina kinamasi cha Pontine. Kijana akapata terzana.

Oneni uzuri wa jambo lile. Hawakubishana na neno, wala hawakuwaambia wakulima wa Campagna kwamba babu zao walikuwa wajinga. Walilichukua lile neno lenye sehemu mbili, hewa na ubaya, wakatafuta njia ya kuzitenganisha. Wavu ulipitisha hewa ukamzuia mbu. Hewa iliyobaki haikuwa na ubaya wowote.

Mwaka ule ule Grassi aliwakinga kwa wavu watu 112, wafanyakazi wa reli na jamaa zao, katika tambarare ya Capaccio, na watano tu ndio waliougua. Bunge la Italia nalo lilipitisha sheria ya kwinini ya serikali, ikauzwa kwa bei nafuu katika maduka ya chumvi na tumbaku ambayo kila kijiji kilikuwa nayo, na baadaye wafanyakazi na maskini wakapewa bure. Angelo Celli na mkewe Anna walikwenda wenyewe mashambani kuwafundisha vibarua. Vinamasi vya Pontine vilikaushwa miaka ya 1930, vikafurika tena wakati wa vita, vikakaushwa tena. Mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Italia haina malaria. Nchi iliyoupa ulimwengu neno hilo haina tena ugonjwa wake. Sisi tunavyo vyote viwili.

Sasa nije kwetu, maana huku ndiko mtakakofanya kazi.

Mama zetu wa pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Tanga, na mbali zaidi, wana neno degedege. Mtoto anapata homa, ghafla anakakamaa, macho yanageuka juu, mikono inatetema, fahamu zinapotea. Wengi walielezwa na bibi zao kwamba ni dege, ndege mkubwa au pepo apitaye angani, ambaye kivuli chake kikimwangukia mtoto humshika. Kwa sababu hiyo wengine walimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, wakiogopa kwamba mtoto mwenye dege akichomwa sindano hufa. Unguja nako, Daktari James Christie aliandika mwaka 1872 juu ya homa ya kuumiza viungo ambayo watu waliiita kidinga pepo. Ndege wa angani, pepo, na kule Roma hewa. Watu wasiojuana, waliotenganishwa na bahari na karne, walipotazama homa inayomjia mtu bila kuonekana imetoka wapi, wote waliinua macho juu.

Basi mama akija na mtoto wake mlangoni akasema degedege, msimcheke na msimkemee mbele za watu. Lisemwalo lipo. Amewaambia mambo ambayo daktari anayahitaji: homa ilitangulia, mwili ulikakamaa, macho yaligeuka, na anajua kwamba hali hii huua. Huenda ni malaria ya ubongo, ambapo chembe zenye vimelea hunata ndani ya mishipa midogo. Huenda ni homa ya uti wa mgongo. Huenda ni mtetemeko wa homa tu utakaopita. Pokeeni alichokiona, kiandikeni kama alivyokisema, halafu fanyeni haraka. Maelezo ya ndege yatajadiliwa siku mtoto akiwa amekaa kitandani anakula uji. Nimewaona akina mama waliokemewa usiku wakamfunga mtoto mgongoni na kuondoka naye gizani. Wengine sikuwaona tena.

Hilo la kwanza. La pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi wenye makoti meupe.

Neno malaria limerudia tabia yake ya zamani mikononi mwetu. Wakati mmoja lilikuwa jina la hewa inayoelezea kila homa ya kiangazi. Leo kwa watu wengi ni jina la kila homa, majira yoyote. Mtu akiamka na uchovu husema nina malaria kidogo. Kichwa kikiuma, malaria. Nasi kwenye kadi, foleni ikiwa ndefu na wagonjwa wakinung'unika, tunaandika malaria kabla damu haijatoka kidoleni. Kuna zahanati niliyopita, sitaitaja, ambako kitabu cha wagonjwa kilijaa neno hilo ukurasa mzima, juu hadi chini, na darubini ilikuwa imefunikwa kitambaa chenye vumbi. Kalamu iliyoandika vile ilikuwa inarudia mal'aria ya Walpole: jina linalotosheleza, kwa hiyo hakuna anayetafuta.

Gharama yake naijua. Mwaka 2014 Dar es Salaam ilipopigwa na dengi, wapo waliomeza dozi baada ya dozi ya dawa ya malaria kwa ugonjwa ambao dawa hiyo haiugusi. Nimeona nimonia ya mtoto ikiitwa malaria mpaka mbavu zikaanza kubonyea. Nimeona homa ya matumbo ikiitwa malaria sugu. Na dawa zenyewe tunaziua kwa kuzitawanya ovyo: klorokwini tuliiacha mwaka 2001 baada ya vimelea kuizoea, SP iliyochukua nafasi yake tukaiacha miaka michache tu baadaye, tukahamia dawa mseto. Sijui tutahamia wapi tukiiua na hii.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka kinafika hata kwenye kijiji kisicho na umeme. Tone la damu, matone ya maji yake, na kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Zisipunguzwe hata kama mgonjwa ana haraka ya basi. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho ni kibovu, tupeni mchukue kingine. Na mahali penye darubini, itumieni. Tone nene la kutafutia, tone jembamba la kutambulia. Giemsa isiwe ya wiki iliyopita. Mafuta juu ya kioo, lensi ya mia, halafu tulieni. Mtaona pete changa ya bluu yenye nukta nyekundu, nyembamba kiasi kwamba asiye mvumilivu huipita. Mkibahatika mtaona ile hatua ya kimelea iliyopinda kama mundu. Hapo kumbukeni Kilatini cha babu yenu: falx ni mundu, parere ni kuzaa. Falciparum, anayezaa mundu. Hilo ni jina lililotolewa na mtu aliyetazama kwanza, akasema alichokiona, akaishia hapo. Nalipenda kuliko malaria.

Na msipoona kitu baada ya kutazama kwa haki, andikeni hivyo. Homa, malaria haikuonekana. Mgonjwa atawakunjia uso. Ndugu zake watasema mashine yenu mbovu. Bosi wenu pengine atawauliza kwa nini hamkumpa tu dawa aende. Simameni hapo hapo, kwa adabu, kisha mwambieni mganga mwenzenu kwamba homa ya mtu huyu bado haijapata jina. Aangalie kifua, mkojo, masikio ya mtoto, shingo kama inakunjika. Homa isiyo na jina inatisha, nakubali, na ndiyo maana binadamu hulikimbilia jina lililo karibu. Mbaki nayo hivyo, mtafute.

Sasa mgao. Kamusi yangu ya Kilatini, ile yenye jalada la kitambaa, ni ya Neema, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiuliza maana za majina ya dawa tangu darasa la sita. Darubini ya zamani ya kioo kaeni nayo nyumbani. Lensi zake zina ukungu, haifai tena kwa wagonjwa, lakini watoto wa jirani waachwe waangalie mabawa ya nzi na maji ya mtungi. Madaftari yangu yana majina ya watu, yachomwe yote, na mchomaji asiyasome.

Sanduku la slaidi lipelekwe chuo cha maabara, mkononi mwa mwalimu, si kuachwa mapokezi. Lisafirishwe limelala, lisikae juani. Karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko inaonyesha zipi ni falsiparamu, zipi ni zile za quartana, na zipi ni ovale, ambazo ni chache na zishikwe kwa uangalifu. Safu mbili za chini zote ni damu za watu waliokuja na homa kali na hazina kimelea hata kimoja. Nilizihesabu upya mwenyewe. Mwalimu atataka kuzitupa ili apate nafasi. Mwambieni hizo ndizo wanafunzi wapewe siku ya mtihani.

Babu yenu